Kengele ya Nyumbani na Iseme Mwizi Yuko Wapi

Ndugu msomaji, wahenga wetu walinena ya kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali inaishia hapo, lakini desturi yenyewe ilikwenda mbele zaidi. Mtu aliyepiga yowe usiku kijijini alitaja na mahali: zizini, ghalani, mlango wa nyuma, njia ya mtoni. Aliyesikia alichukua fimbo yake na kuelekea upande uliotajwa. Yowe lisilotaja mahali liliwatoa watu wote nje na kuwatawanya gizani, na aghalabu mwizi alipita katikati yao kama mmoja wao.

Leo katika miji yetu yowe hilo limehamia ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa ukutani, chenye waya, betri na king'ora. Familia nyingi za wafanyakazi zimejinyima ili zipate kengele ya hatari, na zimefanya vyema. Lakini nyumba hukua. Mwaka huu unaongeza chumba cha watoto, mwakani unajenga stoo, mwaka unaofuata unafungua duka dogo mbele ya nyumba. Nyumba imekua, ila kengele imebaki na masikio yaleyale ya siku ya kwanza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuiongezea masikio hayo kwa kufunga moduli ya nyongeza, na jinsi ya kuifundisha paneli ili iseme, kama wazee walivyosema, mwizi yuko wapi.

NYUMBA TATU ZA MKOA WA MARA

Tuchukue nyumba tatu za mfano. Ya kwanza iko Musoma mjini, tuseme Nyasho au Makoko. Ina vyumba vinne, uzio uliopindishwa kukwepa mawe makubwa ya mji ule, vyumba viwili vya wapangaji uani, na stoo ambamo mwenye nyumba huweka nyavu na injini ya mtumbwi. Kila mvuvi wa Ziwa Victoria ajua kwamba injini ikiibwa, riziki ya nyumba nzima imekwenda nayo.

Nyumba ya pili iko Bunda, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza. Mbele kuna duka, katikati wanakaa watu, nyuma kuna mashine ya kusaga na chumba cha magunia. Ya tatu ni mji wa ukoo huko Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Pale nyumba kubwa iko peke yake, jiko liko nje, na zizi la ng'ombe liko hatua nyingi kutoka mlangoni.

Nyumba hizi zinatofautiana, lakini swali lao ni moja. King'ora kikilia saa nane za usiku, baba au mama anayeamka aelekee wapi? Mwenye kufungua mlango wa uani ilhali mwizi yumo uani, amempelekea mwizi mwili wake. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndiyo sababu nakuomba uvumilie maelezo ya waya na namba yanayofuata.

Mfano mwingine hauko mbali. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wakulima hukesha mashambani kuwalinda mahindi na mihogo yao dhidi ya tembo. Hupiga madebe, huwasha moto na kumulika tochi. Debe likilia upande wa mashariki, wote wanajua upande wa kukimbilia na upande wa kuukimbia. Kila mlinzi ana kona yake, na kona hiyo ina sauti yake. Mafundi wa kengele huiita kona ya namna hiyo zoni.

KENGELE INAVYOFANYA KAZI

Kengele ya umeme si kitu cha jana. Mwaka 1853 Augustus Russell Pope wa Somerville, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alipata hataza ya kengele iliyounganishwa na milango na madirisha. Mlango ulipofunguliwa, njia ya umeme ilikamilika na kengele ikalia. Mwaka 1857 Edwin Holmes alinunua haki ya ugunduzi huo na kuufanya biashara. Mpango wa namna hiyo ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: mwizi aliyeukata waya kabla ya kufungua mlango aliinyamazisha kengele.

Kengele za siku hizi zimegeuza mambo. Umeme hafifu hupita katika waya wakati wote nyumba ikiwa salama. Mlangoni kuna swichi ya sumaku: mlango ukifungwa, sumaku huishika swichi na umeme hupita, mlango ukifunguliwa, umeme hukatika, na paneli hutambua. Ndani ya chumba kuna jicho linalohisi joto la mwili wa mtu anayetembea. Nalo huikata njia ya umeme linapoona mwendo. Kwa hiyo hata mwizi akikata waya, ni kana kwamba amefungua mlango.

Lakini wezi nao hujifunza. Je, akiziunganisha waya mbili badala ya kuzikata? Umeme utaendelea kupita hata mlango ukiwa wazi, na paneli itadanganyika. Kwa ajili hiyo mafundi huweka kijiti kidogo kiitwacho rizista mwishoni mwa kila njia. Kijiti hicho huupunguza umeme kwa kipimo kinachojulikana. Katika paneli za DSC, kwa mfano, kipimo chake ni ohmu 5,600, na mistari yake ya rangi ni kijani, buluu na nyekundu. Paneli ikipima na kukuta ohmu 5,600, yote ni salama. Ikikuta njia imekatika kabisa, au imeunganishwa bila upinzani wowote, inajua kwamba kuna mkono wa mtu.

Shika neno hili, ndugu msomaji: rizista hukaa mwishoni mwa njia, yaani kule mlangoni au ndani ya jicho. Fundi mvivu huziweka zote ndani ya kisanduku cha paneli, kwa kuwa ni rahisi kuzifikia. Hapo ulinzi wake umekwisha, kwani waya zikiunganishwa popote nje ya kisanduku, paneli itaendelea kuziona ohmu zake 5,600 na kusema hewala. Fundi akimaliza kazi, mwombe akuonyeshe rizista moja ilipo. Huo ni mtihani wa dakika moja, nao utakuambia mengi juu ya kazi yake yote.

NJIA YA MKATO NA GHARAMA YAKE

Paneli nyingi za nyumbani huja na zoni 6 au 8. Zikijaa, kuna njia ya mkato inayopendwa mno: kuchukua swichi ya mlango wa stoo na kuiunga katika waya wa mlango wa jikoni, moja baada ya nyingine, katika zoni moja. Kazi ni ya nusu saa na gharama ni ndogo. King'ora kitalia stoo ikivunjwa, na mwenye nyumba atafurahi.

Furaha hiyo ni ya mchana. Usiku, kibao cha namba kitasema zoni ya 4, na zoni ya 4 sasa ni jikoni au stoo, hujui ipi. Mama aliyelala na watoto hawezi kuamua kama ajifungie chumbani au atoke kwa mlango wa mbele. Hata fundi atakapokuja kutafuta waya uliolegea, atafungua kila kifuniko kabla ya kuupata. Katika nyumba ya Bunda tuliyoitaja, duka na chumba cha magunia vikiunganishwa katika zoni moja, mwenye mali atakimbilia barabarani wakati gunia linatoka nyuma.

Dawa yake ni moduli ya nyongeza. Ni kibao kidogo cha umeme chenye vishikizo vya zoni mpya, mara nyingi 8, kinachozungumza na paneli kwa njia kuu ya waya 4: mbili za kupeleka umeme na mbili za kubeba habari. Paneli ya DSC ya aina ya PC1832 ina zoni 8 ndani yake, na kwa moduli za nyongeza huweza kufika zoni 32. Nyumba yenye mlango wa mbele, mlango wa uani, duka, stoo, vyumba vya wapangaji na zizi hupata kila kona jina lake.

KABLA YA KUFUNGUA MFUKO

Kwanza, chora ramani ya nyumba yako. Karatasi ya daftari la mtoto inatosha. Weka alama katika kila mlango, kila dirisha linaloweza kupitisha mtu, na kila mahali penye mali. Kisha uandike zoni zilizopo na zile zinazotakiwa. Familia nyingi hugundua katika karatasi hiyo kwamba jicho moja linaangalia ukuta, na mlango wa uani haujawahi kulindwa.

Pili, soma jina na namba ya paneli yako. Moduli ya kampuni moja haizungumzi na paneli ya kampuni nyingine, na hata katika kampuni moja zipo aina zisizoelewana. Mwuzaji akisema moduli hii inaingia kokote, mrudishie kwa adabu uende duka jingine.

Tatu, piga hesabu ya umeme. Kila jicho, kila kibao na kila moduli hula kiasi chake. Kitabu cha paneli hutaja kikomo kwa miliampea, na kila kifaa hutaja ulaji wake. Jumlisha. Tuseme mzigo wote wa zamani ulikuwa miliampea 250. Unaongeza moduli inayokula 30, macho 4 yanayokula 15 kila moja, na kibao cha pili cha namba kinachokula 60. Nyongeza hiyo ni 150, na mzigo wote sasa ni 400. Kama kikomo cha paneli ni 700, umo ndani ya kikomo.

Lakini hesabu haijaisha. Betri ya kawaida ya kengele ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwa mzigo wa miliampea 250, betri mpya ingedumu saa 28 kwa hesabu ya karatasi. Kwa mzigo wa 400 ingedumu saa 17 na nusu. Katika maisha halisi hupungua zaidi, kwa kuwa betri huzeeka na king'ora kikilia hula mno. Maana yake ni kwamba umeongeza masikio ukapunguza pumzi. Umeme ukikatika Ijumaa usiku ukarudi Jumamosi jioni, kengele ya zamani ingekuwa macho na ya sasa imelala usingizi. Kwa hiyo anayeongeza moduli afikirie pia betri mpya, au betri kubwa zaidi kama kitabu cha paneli kinaruhusu.

KAZI YENYEWE

Paneli hupata umeme kwa transfoma inayoshusha volti 230 za ukutani. Upande huo wa volti 230 ni wa fundi mwenye leseni ya EWURA, usimwachie kijana wa jirani mwenye bisibisi. Upande wa volti 12 hauui, lakini unaweza kuunguza paneli nzima kwa kosa la waya mmoja.

Kazi huanza kwa kuzima. Nyumba itolewe katika ulinzi, umeme wa ukutani uzimwe, kisha betri ichomolewe. Kuunganisha moduli wakati paneli inafanya kazi ndiko kunakoua moduli nyingi kabla hazijatumika hata siku moja.

Moduli ifungwe ndani ya kisanduku cha paneli kama nafasi ipo, au katika kisanduku chake chenye kufuli na swichi inayolia kifuniko kikifunguliwa. Waya 4 ziunganishwe kila mmoja na mwenzake: chanya na chanya, hasi na hasi, na zile mbili za habari kwa rangi zilizotajwa. Ukizibadilisha hizi mbili za mwisho, moduli itapata umeme na taa yake huenda ikawaka, lakini itakuwa bubu. Mafundi wengi wamerudisha dukani moduli nzima kabisa kwa kosa hilo.

Ikiwa kuna moduli zaidi ya moja, kila moja lazima ipewe anwani yake. Kwa aina nyingi hilo hufanywa kwa vibanio vidogo ambavyo mafundi huviita jampa, vinavyochomekwa au kuchomolewa kulingana na mchoro wa kitabu. Moduli mbili zenye anwani moja ni kama wapangaji wawili wenye jina moja katika uwanja mmoja: barua ikija, wote wawili huitika au hakuna anayeipata.

Kisha waya za zoni mpya zivutwe ndani ya mabomba ya plastiki, rizista zikae mwishoni, na kila waya uandikwe jina lake pande zote mbili. Uandishi huo wa dakika kumi utaokoa siku nzima miaka mitano ijayo.

ARDHI, RADI NA MABATI

Mkoa wetu una mambo yake ambayo kitabu kilichochapishwa ughaibuni hakiyajui. La kwanza ni radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi sana, na tufani nyingi za ziwani huvuma usiku. Waya mrefu unaopita hewani kutoka nyumba kubwa hadi stoo ni mtego wa radi. Uzikwe ardhini ndani ya bomba, na kinga ya radi iwekwe pale unapoingia ndani ya nyumba. Kinga hiyo haifai kitu bila waya mzuri wa ethi. Musoma ina miamba mingi, na fimbo ya ethi iliyogota kwenye jiwe baada ya hatua moja haijafika mahali. Fundi apime, asikisie.

La pili ni mabati. Kwa mji kama ule wa Butiama, kuchimba mtaro hadi zizini ni kazi kubwa, na wengi huchagua moduli inayopokea habari kwa redio, isiyotumia waya. Ni chaguo jema, ila mabati huzuia redio. Swichi iliyofungwa kwenye mlango wa bati, ndani ya banda la bati, inaweza kulia mchana wakati wa majaribio na kunyamaza usiku banda likiwa limefungwa. Ijaribiwe milango yote ikiwa imefungwa. Tena kila swichi ya namna hii ina betri yake ndogo, na tarehe ya kuibadilisha iandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

La tatu ni wadudu. Wakaao karibu na ziwa wanawafahamu wale vijidudu wanaopanda juu ya maji kama moshi na kujaa kila penye taa. Mdudu au buibui akitambaa juu ya kioo cha jicho, jicho humwona mkubwa kama mtu. Mjusi wa ukutani ni vivyo hivyo. Jicho lisiwekwe chini ya taa ya usiku, lisielekezwe kwenye dirisha linalopigwa na jua, wala mbele ya pazia linalopeperushwa na upepo wa ziwa. Lipanguswe kila mwezi kwa kitambaa kikavu.

KUIFUNDISHA PANELI

Baada ya waya kukamilika, betri na umeme hurudishwa, na hapo huanza kazi ambayo wengi huiruka: kuifundisha paneli. Moduli imefungwa, lakini paneli haijui kwamba ipo.

Jambo la kwanza ni kuitambulisha. Fundi huingia kwa namba yake ya siri na kuiamuru paneli itafute vifaa vilivyoko kwenye njia kuu. Katika paneli za DSC za aina tuliyoitaja, kazi hiyo hufanyika katika sehemu ya 902 na huchukua kama dakika moja. Sehemu ya 903 huonyesha vilivyopatikana. Moduli isipoonekana, rudi kwenye waya za habari na anwani. Ikishatambuliwa, paneli itakuwa ikiiangalia daima, na itakujulisha kama moduli hiyo imekatwa.

La pili ni kuziwasha zoni mpya. Moduli yaweza kutambuliwa huku zoni zake zikiwa bado zimezimwa, na hili ni chimbuko la malalamiko mengi: taa zinawaka, waya ni sahihi, lakini mlango ukifunguliwa paneli iko kimya.

La tatu ni kuipa kila zoni tabia yake. Mlango wa mbele hupewa subira ya sekunde kadhaa, ili mwenye nyumba aingie na kubonyeza namba yake. Dirisha na stoo havihitaji subira. Vikiguswa, king'ora kilie papo hapo. Jicho la sebuleni hulindwa familia ikisafiri, lakini hulala familia ikiwa ndani, ili bibi aamkaye usiku kwenda msalani asiitie mtaa mzima. Kitufe cha hatari kilicho kando ya kitanda, na kihisi cha moshi, hukaa macho saa 24 hata kengele ikiwa imezimwa. Kihisi cha moshi kisiwekwe katika jiko la mkaa. Kitalia kila jioni hadi watu wakichoke na kukichomoa.

La nne ni majina. Kama kibao chako kinaandika maneno, kila zoni iandikwe kwa lugha ambayo kila mtu nyumbani anaisoma: STOO, MLANGO WA UANI, DUKA. Kama kinaonyesha namba tu, orodha ya namba na majina ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la chumbani, mahali ambapo mgeni haoni. Na namba ya siri iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo, ya fundi na ya mwenye nyumba.

Ikiwa kengele yako hupiga simu, usisahau laini iliyomo ndani yake. Isajiliwe kwa jina la mtu wa nyumbani, kwa alama za vidole kama utaratibu ulioanza nchini mwaka 2019 unavyotaka, na iwe na salio. Kengele isiyo na salio ni mjumbe asiye na nauli.

JARIBU NA WATU WAKO

Usimlipe fundi malipo ya mwisho kabla ya majaribio, na majaribio yasifanywe na fundi peke yake. Waarifu majirani kwanza. Kisha mtu mmoja asimame kwenye kibao, mwingine afungue mlango mmoja mmoja. Kila mlango utaje jina lake sahihi. Baada ya hapo zima umeme wa ukutani na urudie zoni mbili tatu kwa betri pekee.

Wahusishe wote: watoto wenye umri wa kuelewa, msaidizi wa kazi za nyumbani, na wapangaji kwa zile sehemu zinazowahusu. Kila mmoja ajue maswali mawili: king'ora kikilia na kibao kikisema STOO, nani anafanya nini? Kikisema MLANGO WA MBELE, tunakusanyika chumba gani? Kanuni iwe moja na rahisi. Hakuna anayetoka kwenda kumtafuta mwizi. Milango ya ndani inafungwa, taa za nje zinawashwa, simu inapigwa. Namba ya polisi ya dharura ni 112, na ya zimamoto ni 114. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuzikariri zote mbili.

NANI ATAITIKIA?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Shinyanga na Tabora waliunda vikundi vya sungusungu dhidi ya wezi wa mifugo, na mpango huo ukaenea hadi mikoa mingine, Mara ikiwamo. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuvitambua. Lawama juu yao zilikuwapo, nazo hazikosi haki pale walipojifanya mahakimu. Lakini walijua siri moja ya ulinzi: yowe likipigwa, kuitikia ni wajibu wa kila mtu, na asiyeitikia ataulizwa.

King'ora cha umeme hakina uwezo huo. Kinalia tu. Kikilia mara tatu kwa wiki kwa sababu ya mjusi, majirani watajifunza kugeuka upande wa pili na kuendelea kulala, na usiku wa nne, mwizi atakapokuja kweli, watageuka vivyo hivyo. Kila mlio wa bure hupunguza imani waliyo nayo, na imani hiyo haiuzwi dukani pamoja na moduli.

Kwa hiyo, ukishamaliza kufunga, watembelee majirani wako wawili watatu na mwenyekiti wa mtaa. Waeleze kengele yako hulia vipi, namba yako ya simu ni ipi, na uwaombe wakupigie kabla ya kutoka. Nawe uwaahidi hivyohivyo. Mkiweza, kubalianeni kwamba kengele ikilia bure mwenye nyumba ataomba radhi na kuirekebisha siku hiyohiyo.

Na wewe msomaji ambaye bado huna kengele ya umeme, usidhani makala haya hayakuhusu. Filimbi tatu katika nyumba tatu, makubaliano ya mlio mmoja kwa uani na miwili kwa barabarani, taa ya nje inayowaka na komeo imara: huo nao ni ulinzi wenye zoni. Aliyeko Nyasho, aliyeko Bunda mjini na aliyeko Butiama, kila mmoja na aanze kwa kile alicho nacho. Leo jioni, kabla ya kulala, zunguka nyumba yako na karatasi mkononi, uhesabu milango isiyo na sauti.